Kinyago cha Uyole

"Sitaisaini," alisema Shufaa, akairudisha ile karatasi upande wa pili wa meza kwa ncha ya kidole. "Hata mkinilaza rumande, sitaisaini."

Inspekta Eveline Mwakyoma aliiacha karatasi pale ilipoishia. Ilikuwa imechapwa Mbeya kabla yeye hajapanda gari kuja Iringa. Ilisema kwamba Shufaa, kiongozi wa kikundi cha kuweka lebo kwenye picha, aliziweka picha za vinyago vya Kijapani katika kundi la sanaa kwa makusudi, ili kamera za ulinzi zishindwe kumtambua mwizi aliyevaa kinyago. Kilichokosekana ni sahihi yake tu.

Walikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo moja la Kihesa, katika chumba kirefu chenye baridi. Vijana waliovaa masweta walikaa mbele ya kompyuta, spika masikioni, wakijifanya hawasikilizi. Shufaa alikuwa amevaa nikabu nyeusi; yalionekana macho tu, na macho yale hayakuwa na woga. Konstebo Aroni, dereva wa Eveline, alikuwa ameegemea mlango. Walipokuwa wanapanda ngazi alinong'ona, "Ndiye yule ninja, afande," na Shufaa, aliyekuwa juu ya ngazi akiwasubiri, alimsikia.

"Konstebo wako ameniita ninja," alisema sasa. "Nimezoea. Tangu nianze kuvaa hivi nikiwa chuo, mtaani kwetu hilo ndilo jina langu. Basi siku moja kampuni ikaniletea picha ya ninja mwenyewe, Mjapani, niseme huyu ni nani. Wakanipa majibu mawili ya kuchagua. Sanaa, au anajificha. Wewe ungechagua lipi?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," alisema Eveline.

"Uliza. Nimekaa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia, asubuhi ya ukungu mzito, mtu aliyevaa kinyago chekundu chenye pembe mbili aliingia katika duka la simu la Isakwisa pale Uyole. Mlinzi, Jailos, alikuwa ndiyo kwanza amefungua mageti. Yule mtu alimpiga kichwani kwa kipande cha nondo, akabeba maboksi ya simu akayapakia kwenye pikipiki, akapotea. Kamera ya dukani ilirekodi kila kitu. Lakini kamera ile haikununuliwa ili irekodi tu. Ilinunuliwa ili ikimwona mtu aliyefunika uso ipige simu papo hapo, kwa mwenye duka na kwa ofisi ya kampuni. Siku ile haikumpigia mtu. Jailos alikuwa bado hospitali, na mkewe alipokaa karibu naye, Jailos alimwita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani.

Tadeo, mkurugenzi wa kampuni ya kamera, alikuwa na maelezo yaliyonyooka. Kamera hujifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi zilizokwisha kupewa majina, na majina yale yaliwekwa Kihesa, Iringa. Kama Kihesa wamesema kinyago cha Kijapani ni sanaa, basi kamera ilipomwona mwizi iliona pambo limepita. Tena, aliongeza Tadeo, yule dada ana kaka yake mwenye kibanda cha nguo palepale Uyole. Nyie polisi jumlisheni wenyewe.

"Kaka yako Muharami," alisema Eveline. "Kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwenye lile duka."

"Ni kweli."

"Asubuhi ile alikuwepo."

"Alikuwepo. Na ni nani aliyemwinua Jailos sakafuni akampakia kwenye bajaji, akampeleka hospitali? Muulizeni nesi aliyempokea. Muulizeni kanzu ya Muharami ilikuwa na rangi gani alipofika."

Eveline alikwisha kumuuliza nesi. Kanzu ilikuwa nyeupe, na kifuani ilikuwa nyekundu. Jambo hilo halikuwamo katika karatasi iliyochapwa.

"Nionyeshe hizo picha," alisema.

Shufaa aligeuza kioo cha kompyuta. Picha ya kwanza ilikuwa kinyago cheupe cha mbao, sura ya mwanamke mwenye nyusi zilizochorwa juu kabisa ya paji la uso, kimetundikwa ukutani. Ya pili ni kinyago cha namna hiyohiyo, lakini kimevaliwa na mwigizaji katikati ya jukwaa, mikono ameinua. Ya tatu, vazi la chuma la mpiganaji wa kale ndani ya kabati la kioo, lenye uso wa chuma na masharubu ya manyoya, na ndani yake hamna mtu. Ya nne, kuhani mwenye joho pana, amefunga kitambaa cheupe mdomoni, amebeba sinia. Ya tano, mwanamke anatembea kwenye theluji, ushungi umemfunika kichwa chote hadi puani. Ya sita ilikuwa kinyago chekundu chenye pembe mbili, macho ya dhahabu, na mdomo uliochanika kuelekea masikioni.

"Hicho wanakiita hannya," alisema Shufaa. "Ni mwanamke aliyegeuzwa shetani na wivu. Kinatumika kwenye michezo yao ya zamani ya jukwaani. Siku hizi wanatengeneza vya plastiki, vinafika hadi kwenye mabelo ya mitumba."

"Mwizi wetu alivaa hicho."

"Nimeambiwa. Sasa tazama. Maelekezo ya kampuni yalikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza kinaviita vyote hivi kwa neno moja. Hapa ndani tulibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema vinyago, mwingine anasema barakoa. Nikawaambia kinyago huchongwa, barakoa huvaliwa. Haya, na huyu kuhani je? Kafunika mdomo ili pumzi yake isiguse sadaka anayoipeleka. Huyo anajificha? Na huyu mama wa kwenye theluji, anajificha nini zaidi ya baridi?"

"Mkaamua nini?"

"Mwanzoni tuliamua vibaya. Kampuni ilitaka kazi iishe haraka, wakasema vya Kijapani vyote tupa kwenye sanaa, songa mbele. Tukatupa. Halafu nikaona ukuta na mwigizaji wana lebo moja. Kwenye ukuta hakuna mtu. Jukwaani kuna mtu mzima anayepumua nyuma ya ule ubao. Kamera ikifundishwa hivyo itakuwa kipofu. Nikasimamisha kazi."

"Uliisimamisha wewe?"

"Mimi. Walipiga simu, wakafoka. Nikawaambia nina maswali mawili, na kila picha itajibu yote mawili. Hiki ni kitu gani? Na je, nyuma yake kuna uso wa mtu? Basi. Hilo la 'anajificha' nililifuta. Kujificha ni nia, afande. Mimi sijawahi kuona picha ya nia."

"Wakakubali?"

"Walikataa. Nikawaambia watafute watu wengine wa kuwafanyia. Wakatafuta, wakakosa, wakakubali."

Eveline alitazama tena kile kinyago chekundu. "Kwa hiyo mtu akikivaa hiki akaingia dukani, kamera ifanye nini?"

"Iseme kinyago, na nyuma yake kuna uso. Halafu ipige simu."

"Hayo ni maneno yako, na kompyuta ni yako. Ungeweza kuzibadilisha lebo jana baada ya kusikia habari."

"Ningeweza," alisema Shufaa. "Kwa hiyo msiniamini mimi. Nendeni mkaiulize kamera."

Kijana mmoja aliyekuwa jirani alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Humu ndani, nani alikupinga ulipotaka kubadilisha?" aliuliza Eveline.

"Vitus. Mtu wa Igawa. Alisema naleta dini kazini, na nawachelewesha wenzangu. Siku niliyosimamisha kazi alichukua koti lake akaenda zake kwao. Hata kuaga hakuaga."

Simu ya Eveline ililia. Alisogea dirishani. Alikuwa bosi wake, Afande Lutengano, akipiga kutoka Mbeya.

"Amesaini?"

"Hapana, afande."

"Mlete basi. Tadeo yuko hapa ofisini kwangu tangu asubuhi. Anasema wateja wake wanamkimbia."

"Naomba umwambie asiende mbali. Namhitaji dukani kwa Isakwisa kesho. Kuna jaribio nataka kulifanya."

"Eveline, nimekutuma kuchukua sahihi. Jaribio la nini tena?"

"Afande, nikimleta huyu dada bila jaribio, wakili wake atalifanya jaribio hilohilo mbele ya hakimu. Sitasimama kizimbani nichekwe. Kama nakosea, niandikie barua."

Simu ikakatwa. Eveline aliichukua ile karatasi mezani, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Usitoke Iringa," alimwambia Shufaa.

"Nitoke niende wapi? Nina kazi."

*

Uyole ilikuwa na baridi ya mwezi wa sita, ile inayopenya mpaka kwenye meno. Malori yalikuwa yamepanga foleni barabarani, na akina mama waliokuwa wanauza viazi walijitanda vitenge viwili viwili. Duka la Isakwisa lilitazamana na kijiwe cha bodaboda. Mwenyewe, mzee mfupi mwenye koti la sufu, alikuwa amesimama mlangoni pamoja na Tadeo.

"Ugonile, baba," Eveline alimsalimia.

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Jailos umemwona?"

"Nimepitia hospitali. Leo amekula uji."

"Mungu ni mwema." Mzee Isakwisa alimtupia jicho Tadeo.

Tadeo alikuwa na viatu vinavyong'aa na sauti ya mtu aliyezoea kuuza. "Inspekta, kwa kweli sioni jaribio la nini. Kosa tunalijua liko wapi. Liko Iringa."

"Halitachukua muda. Mzee, simu yako iko hewani?"

"Iko."

"Ishike mkononi. Mkurugenzi, na wewe piga simu ofisini kwako, waambie wakae mbele ya mitambo."

Eveline alitoka nje. Alivua mtandio begani, akajifunga nao kichwa chote, akaacha macho tu. Kisha aliingia dukani, akasimama chini ya kamera, akainua uso kuitazama. Wateja wawili waliacha kuchagua simu wakabaki wanamshangaa.

Hakuna simu iliyolia.

Alimwita Aroni. Konstebo alivaa kofia ya sufu ya kufunika uso mzima, akaweka na helmeti ya pikipiki juu yake, akaingia, akasimama pembeni ya bosi wake. Walikaa vile mpaka Aroni akaanza kutoa jasho.

Simu ya mzee Isakwisa ilikuwa kimya kama jiwe.

"Mtandao," alisema Tadeo. "Huku Uyole mtandao unasumbua sana ukungu ukishuka."

"Mtandao mbona upo?" alisema mzee Isakwisa. Aligeuza simu yake wote waone. "Huyu hapa afande namwona, kajifunga mtandio. Na huyu askari wake. Picha zinakuja vizuri kabisa."

Eveline alifunua uso. "Mkurugenzi, mtandio huu nimeununua Tukuyu. Ni wa Kijapani?"

"Hapana, lakini..."

"Kofia ya Aroni je? Kuna mtu yeyote Iringa aliyeiweka kwenye kundi la sanaa?"

Tadeo alitazama viatu vyake.

"Kamera yako haimpigii simu mtu yeyote," alisema Eveline. "Iwe kinyago, iwe mtandio, iwe kofia. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye majina ya vinyago. Mmeizima."

"Ni kwa muda tu."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze." Tadeo alionyesha kijiwe cha bodaboda kule nje. "Watazame wale. Kila mmoja kafunika uso. Akiingia kununua vocha, simu zinalia. Akitoka, zinalia. Wateja walitutukana kutwa nzima. Mafundi wangu wakashindwa kufanya kazi nyingine. Tukasema tuzime kwanza, baridi ikipungua tutawasha."

"Mimi hukuniambia," alisema mzee Isakwisa.

"Mzee, ilikuwa ni suala la kitaalamu..."

"Nasema mimi hukuniambia! Jailos hukumwambia! Mtu anakaa mlangoni kwangu akijua akivamiwa nitapigiwa simu, nije na watu. Kumbe yuko peke yake?"

Tadeo alianza tena habari za mafundi wake. Eveline alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alikuwa ametoka hadi kwenye ngazi za duka, anawatazama wale bodaboda. Mmoja alikuwa amejifunga skafu ya timu ya mpira, mwingine taulo, mwingine kofia ya sufu yenye matundu ya macho.

"Aroni, njoo hapa. Wewe ungekuwa mwizi asubuhi ile, ungevaa nini?"

"Kama hao, afande. Nani angekugeukia? Unaingia, unatoka, unachanganyika na wenzako."

"Mwizi wetu hakufanya hivyo. Amevaa shetani jekundu lenye pembe, kitu cha kukumbukwa na kila atakayekiona. Kwa nini?"

Aroni alifikiri. "Labda alitaka kumtisha Jailos."

"Nondo haitoshi kutisha?" Eveline alitikisa kichwa. "Aliogopa kofia ya sufu. Alijua kamera ikiona kofia ya sufu inapiga simu. Na aliamini ikiona kinyago cha Kijapani haipigi. Sasa nani anaamini hivyo? Siyo watu wa Tadeo. Wao walijua kila kitu kimezimwa, wangeweza kuingia hata na ndoo kichwani. Siyo Shufaa, kwa sababu yeye ndiye aliyekitoa kinyago kwenye sanaa. Kwake yeye kinyago na kofia ni kitu kimoja, vyote vina uso nyuma yake."

"Basi ni nani?"

"Mtu anayejua walivyoamua mwanzo, ila hajui kwamba waliamua upya. Mtu aliyeondoka katikati."

Aroni aliacha mdomo wazi. "Yule wa Igawa."

"Washa gari."

*

Igawa ilikuwa na jua. Baridi yote waliiacha nyuma walipoteremka kuelekea Mbarali, na barabarani watu walikuwa wanauza mchele kwenye ndoo na vitunguu vilivyopangwa mafungu. Kibanda cha Vitus kilikuwa kando ya lami, kimepakwa rangi ya bluu, kimejaa makava ya simu yenye vibandiko vya duka la Isakwisa na chaja zinazoning'inia. Aliyekaa ndani alikuwa kijana mwembamba mwenye bisibisi mdomoni. Alikuwa anafungua simu ya mteja.

"Kamwene," alisalimia Eveline.

"Kamwene, dada. Chaja au kava?"

Eveline alimwonyesha kitambulisho. Vitus alitoa bisibisi mdomoni taratibu.

"Usiogope. Nimetoka Kihesa. Kuna kesi ya kamera, na walioziwekea lebo zile picha wanabishana. Nimeambiwa wewe ulikuwepo tangu mwanzo, na kwamba Shufaa hamkuelewana. Nataka nimsikie mtu asiyemwogopa."

Bega la Vitus lililegea kidogo. "Yule? Yule mtu mbishi kupita kiasi. Alidhani ofisi ni ya baba yake."

"Nisaidie basi." Eveline aliweka kompyuta ndogo juu ya kaunta. Picha zilikuwa zilezile, Shufaa alikuwa amemtumia. "Kihesa mlikuwa mnaitaje hii?"

"Kinyago ukutani. Sanaa."

"Hii ya mwigizaji?"

"Sanaa vilevile. Hivi vyote vya Kijapani ni sanaa, dada, huna haja ya kuangalia moja moja. Ndivyo tulivyoagizwa. Kamera inafundishwa kwamba hili ni pambo, inapita."

"Na bodaboda aliyevaa kofia ya sufu?"

"Huyo anajificha. Hapo simu inapigwa."

"Na huyu mwenye pembe?"

Vitus aliitazama picha kidogo tu, akaiacha. "Sanaa."

"Hata akiwa amevaliwa na mtu?"

"Hata akivaliwa. Ndiyo lebo yake."

"Ahsante," alisema Eveline. "Ila hapo ndipo wanapobishana. Shufaa anasema ulipokwisha kuondoka waliibadilisha. Kinyago kikivaliwa, kamera inakiona kama kofia ya sufu tu. Inapiga simu. Wewe uliondoka, wao wakabadilisha nyuma yako."

"Muongo."

"Anasema na kampuni ilikubali."

"Muongo huyo! Kama walibadilisha, ingepiga."

Eveline aliifunga kompyuta ndogo. Nyuma yake lori lilipita, chaja zote zikatikisika. Vitus alibaki ameshika bisibisi, na uso ulianza kumpauka.

"Ingepiga lini, Vitus?" aliuliza Eveline kwa sauti ya chini. "Ilikuwa wapi ilipotakiwa ipige ikaacha?"

"Nilikuwa na maana... kwa ujumla tu."

"Kwa ujumla hujasema. Umesema ingepiga, kama mtu aliyekuwepo. Haikupiga kwa sababu wenye kamera walikuwa wameizima. Ungeingia hata na uso wako ulivyo. Lakini hukuweza kuingia hivyo, kwa sababu Jailos anakujua. Si ndiko unakonunua makava yako?"

Vitus aliruka kaunta. Alifika nje ya mlango, akakutana na Aroni.

Walifanya upekuzi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili. Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda, na nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia ya pumba za mpunga. Aroni alizamisha mkono ndani ya gunia la tatu akatoa boksi la simu, halafu jingine. Kinyago kilikuwa kimechomwa jikoni, lakini plastiki huwa haiishi vizuri. Pembe moja nyekundu ilikuwa imegandana na jivu.

"Sikutaka kumuumiza," alisema Vitus, pingu zikiwa mkononi. "Aliniita jina langu. Nimevaa kinyago, na bado akaniita jina langu. Sijui alinijuaje." Kisha sauti yake ikapanda. "Yote ni yule mwanamke! Angeiacha kazi iende kama wenzake wote, nisingeondoka. Ukaidi wake ndio umenifikisha hapa."

"Ukaidi wake ndio umemwokoa," alisema Eveline. "Angekuwa mlaini, saa hizi ningekuwa nimemfunga yeye. Panda gari."

Kabla hawajaondoka alipiga simu Kihesa, akamweleza Shufaa yaliyotokea. Alimwambia kwamba kesi dhidi yake haipo tena, na ile karatasi ataichana.

"Usiichane," alisema Shufaa. "Niletee. Nataka watu waone kwamba ilichapwa kabla sijaulizwa hata swali moja."

"Inaweza kunitia matatani na bosi wangu."

"Najua. Niletee."

Eveline alicheka kwa mara ya kwanza tangu aianze kesi ile. "Nitakuletea."

*

Tadeo alifika kituoni Mbeya kesho yake akiwa na tabasamu. Alimkuta Eveline kwenye korido.

"Hongera sana, Inspekta. Mwizi amepatikana, simu zimepatikana, mambo yamekwisha. Nimekuja kuondoa yale maelezo yangu kuhusu yule dada wa Iringa. Tuyafute tu."

"Hayafutiki."

"Lakini mimi ndiye niliyeyatoa."

"Uliyatoa, ukayasaini, nikayapokea. Uliiambia polisi kwamba kamera ilishindwa kwa sababu ya watu wa Iringa, huku unajua mmeizima wenyewe. Hiyo ni taarifa ya uongo, na kisheria ni kosa. Leo siandiki ya Vitus peke yake. Naandika na ya kwako."

Tabasamu liliondoka. "Nimeongea na Afande Lutengano."

"Nami nimeongea naye. Hakufurahi. Ila jalada lako amelisaini."

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mwanamke mwenye kitenge cha njano na kikapu cha chakula miguuni. Alikuwa Andendekisye, mke wa Jailos. Alikuwa ametokea hospitali kuja kutoa maelezo yake, na alikuwa amesikia kila neno, ingawa hakuwa ameelewa yote.

"Mama huyu mumewe ndiye aliyepigwa," Eveline alimwambia Tadeo. "Kabla sijakuandika, mweleze. Siyo mimi. Yeye."

"Inspekta, kuna wakili wangu..."

"Wakili atakuja. Mweleze."

Tadeo alisafisha koo. Alianza na mambo ya mfumo na mipangilio, na msimu, na malalamiko ya wateja. Andendekisye alimsikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Baba," alimkatiza kwa heshima, "sijaelewa. Ile kamera ilikuwa macho au ilikuwa imelala?"

Tadeo alikitazama kile kikapu. "Ilikuwa... ilikuwa imezimwa, mama. Ile sehemu ya kupiga simu."

"Nani aliizima?"

"Sisi."

"Jailos alijua?"

"Hapana."

Andendekisye alisimama. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akakiweka kikapu juu ya benchi. Hakulia. Alikuwa mfupi kuliko Tadeo kwa kichwa kizima, lakini Tadeo ndiye aliyerudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Anza tena mwanzo," alisema. "Polepole, na kwa Kiswahili cha kawaida. Mume wangu ameanza kupata fahamu, ataniuliza. Nataka nikamweleze vilevile ulivyosema."

Eveline aliwavutia kiti kimoja, cha yule mama. Andendekisye hakukaa. Tadeo alifuta jasho, akaanza tena mwanzo.